Mgeni wa Saa Tatu

Joëlle alimwona akiingia kwa mlango mkubwa, na moyo ukamlipuka. Alilijua lile shati jeupe. Aliujua ule mwendo wa taratibu, wa mtu anayechunga asimkanyage mwenzake mguu. Kilichomshtua ni saa. Hii ilikuwa ibada ya saa tatu, na Josaphat hakuwa mtu wa saa tatu.

Kanisani kwao, hapa Bunia, kuna ibada mbili kila Jumapili. Saa moja asubuhi ni ibada ya Kiswahili, saa tatu ni ya Kifaransa. Mungu ni yuleyule, bati ni lilelile, hata viti vya plastiki havibadilishwi. Lakini usithubutu kumwambia mtu wa saa tatu kwamba yeye na mtu wa saa moja ni kitu kimoja! Watu wa saa tatu hushuka kwenye pikipiki zilizooshwa, akina mama wao hushona kitenge kimoja, na kwaya yao, Harpe, ndiyo inayoitwa kwenye kila harusi yenye jina mjini. Watu wa saa moja huja kwa miguu, huimba kwa ngoma na makofi, kisha hutoka harakaharaka, maana wenzao wako uani wanatazama saa kwa macho ya kuwafukuza.

Joëlle alikuwa sauti ya kwanza ya Harpe. Josaphat alikuwa mpiga ngoma wa saa moja, na siku za kazi alichomelea milango ya chuma huko mtaa wa Mudzipela. Walipendana katikati, katika ule muda mdogo ambapo kundi moja linatoka na jingine linaingia. Josaphat alikuwa akitoa ngoma, Joëlle akiingiza nyaya za maikrofoni, na mlangoni mmoja lazima ampishe mwenzake. Kwanza yalikuwa macho. Halafu ikawa "habari ya juma?" Halafu zikaja simu za jioni, na mwaka ukapita, na hakuna mtu wa saa tatu aliyejua. Joëlle alikuwa amehakikisha hivyo.

Alhamisi kwenye simu alikuwa amemwambia kwa kudeka, "Kila siku unanisikiaka kwa dirisha tu. Siku moja uingie, unisikilize muzuri." Joëlle alikuwa anapamba mazungumzo tu. Josaphat si mtu wa kupamba mazungumzo, na sasa alikuwa amekaa safu ya tatu, kwenye kiti ambacho hakina jina lakini kina mwenyewe. Mwenyewe, mke wa daktari mmoja, alisimama pembeni akakohoa. Akakohoa tena. Josaphat akaelewa, akaomba msamaha, akahamia nyuma kabisa karibu na mlango.

"Ule si njo ule wa ngoma?" Christella alimnong'oneza Joëlle. Christella alikuwa rafiki yake tangu shule ya msingi na kiongozi wa Harpe, na hakuna kilichompita. "Anatafuta nini huku?"

"Sijue," Joëlle alisema, na hilo ndilo lililokuwa kosa la kwanza.

Ibada ikafika kwenye kuwakaribisha wageni. Hubert, mzee wa protokoli, alichukua maikrofoni akawaomba wageni wasimame. Desturi ya kanisa lile kila mtu anaijua: mgeni husema jina lake, na aliyemwalika husimama pale alipo, ili mgeni asisimame peke yake. Kisha kwaya huwaimbia wote wawili. Kuna ndoa zilizoanza kujulikana hivyo. Msichana anasimama, kijana anasimama, akina mama wanageuka na kutazamana, na kabla ya baraka ya mwisho kanisa zima limeshapanga kitenge cha harusi.

"Ndugu, karibu," Hubert alisema kwa Kiswahili, kama ilivyo desturi kwa wageni. "Jina?"

"Josaphat."

"Unatoka wapi?"

"Natoka hapahapa. Niko wa culte ya saa moja."

Watu wakacheka. Hakikuwa kicheko kibaya sana, lakini hakikuwa kizuri pia.

"Na nani njo alikualika huku kwetu?"

Josaphat alitazama mbele, moja kwa moja, kwenye safu ya kwanza ya Harpe. Macho yake yalikuwa yametulia, hayana lawama wala haraka, yanangoja tu. Joëlle alihisi magoti yake yakitaka kunyooka. Akaona mama yake, Maman Suzanne, mkuu wa akina mama wa saa tatu, akigeuza kilemba polepole kufuata macho ya yule kijana. Akahisi bega la Christella likigusa lake. Simama, Joëlle, alijiambia. Simama sasa. Akainamisha kichwa, akatazama viatu vyake.

"Hakuna mutu," Josaphat alisema. "Nilikuja miye mwenyewe."

"Basi, karibu hivyohivyo!" Hubert akacheka, na kinanda kikaanza.

Kwaya yote ikasimama, na Joëlle akasimama nayo, maana wimbo wa kuwakaribisha wageni huanzwa na sauti ya kwanza. Akamwimbia mtu anayempenda kuliko wote duniani kama anavyoimbiwa mpita njia. Sauti haikukatika. Hilo ndilo lililomuumiza zaidi baadaye, kwamba aliimba vizuri.

Ibada ilipokwisha alimkuta nyuma ya kanisa, karibu na tangi la maji, amesimama kivulini. Alikimbia mpaka akafika amekosa pumzi.

"Josa, unisamehe. Ungeniambia kama unakuja!"

"Ningekuambia, ungefanya nini?"

"Ningejitayarisha. Ningeongea na Maman kwanza. Weye unanishtukiza tu mbele ya watu, hata Christella iko pembeni yangu..."

"Siko na hasira, Joëlle."

"Ukuwe na hasira! Unitukane! Hii kutulia yako inaniua."

Alitabasamu kidogo, yule Josaphat, na tabasamu lile lilimfanya Joëlle atake kulishika kwa mikono miwili. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia harufu ya sabuni kwenye shati lake. Hawakugusana. Kwenye uwanja wa kanisa hawakuwahi kugusana.

"Mujomba yangu ananiita Mahagi-Port," akasema. "Iko na atelier kule, pembeni ya ziwa, anatengeneza mashua za chuma. Ananiomba tangu saison ya mvua. Nilikuwa namuambia bado, bado. Gari ni kesho asubuhi."

"Kesho? Juu ya nini hukuniambia?"

"Nilikuwa natafuta kitu kimoja tu cha kunibakisha huku. Kimoja. Hata kidogo."

Joëlle akaelewa.

"Josa, ungeniambia mambo ya gari, ningesimama! Naapa ningesimama."

"Najua. Ungesimama sababu ya gari." Akainama akaokota koti lake. "Miye nilitaka usimame sababu ya miye."

"Unipe juma moja."

"Nilikupa mwaka muzima, na sikukuhesabia hata siku. Nilikuwa na furaha kwa ule mlango. Ila mutu hawezi kujenga nyumba ku mlango, Joëlle. Watu wanapita."

Sauti ya Christella ikaita kutoka uani, "Joëlle! Photo! Tunakungoja weye tu!" Joëlle akageuza kichwa. Ni tabia tu, mtu akiitwa anageuka. Lakini alipomrudia Josaphat, kijana alikuwa ameshaanza kuondoka kwa ule mwendo wake wa taratibu, na hakutazama nyuma.

Jumapili hiyo zamu ya kuwalisha akina mama wa kamati ilikuwa ya Maman Suzanne. Sebuleni kulijaa vilemba, wali, samaki na vicheko. Joëlle aliandaa sahani, akapitisha maji ya kunawa, akaitika "ndiyo, Maman" kila alipoitwa. Kila harufu ya samaki ilimkumbusha ziwa ambalo hajawahi kuliona na ambalo kuanzia kesho litakuwa na mtu wake.

"Mulimuona ule wa leo?" mke wa daktari akaanza. "Anakuja kukaa ku kiti yangu, bila hata haya!"

"Wanaanza hivyo. Mumoja leo, juma ijayo wanaleta ngoma."

"Na kusema hakuna mwenye kumualika! Mutu wa namna gani anakuja kwa watu bila kualikwa?"

Wakacheka tena. Maman Suzanne hakucheka. Alikuwa anamtazama binti yake, na binti yake alikuwa amesimama katikati ya chumba na bakuli la mchuzi mkononi.

"Miye," Joëlle akasema.

"Weye nini, mutoto?"

"Miye njo nilimualika. Anaitwa Josaphat. Ni mutoto wa Maman Vahwere, mwenye kuuzisha sombe ku soko. Tunapendana. Tangu mwaka." Akaweka bakuli mezani. "Leo nilikosa kusimama. Nilikuwa na bwoga. Sasa nasimama."

Mke wa daktari alitafuna polepole sana. Mmoja akakumbuka ghafla kwamba ana wageni nyumbani, wa pili akakumbuka ana nguo juani, na kwa muda mfupi tu sebule ikabaki na sahani.

Maman Suzanne alikusanya vijiko vyote kabla ya kuketi.

"Unajua umefanya nini?"

"Najua, Maman."

"Hapana, haujue." Hakupandisha sauti. Angepandisha, ingekuwa nafuu. "Unafikiri nawapenda hawa sababu ya vitenge? Papa yako alipokufa, ndugu zake walikuja kuangalia nyumba. Kuangalia nyumba, Joëlle! Hawa wamama unaona wanacheka hapa njo walilala chini na miye, hapa hapa, matanga yote. Huyu mwenye kulilia kiti yake njo alinifungia kitenge, miye mwenyewe nilikuwa siwezi. Ukiwaacha, unaniacha na miye."

Joëlle akapiga magoti kando ya kiti cha mama yake. Hilo hakuwahi kuliwaza. Alikuwa amelizoea kundi lile kama ukuta wa kumzuia yeye tu, kumbe mama yake alikuwa ameuegemea asianguke.

"Siwaachi, Maman. Hata weye sikuachi. Ila nikimuacha yeye, nitaimba kila Jumapili na hakuna kitu ndani."

"Ni mutu wa ngoma."

"Ndiyo."

"Mama yake anauzisha sombe."

"Na weye unaikula kila juma, Maman. Unasema hakuna yenye kuishinda."

Maman Suzanne akaondoka kuelekea chumbani, akavuta pazia, na Joëlle akasikia kitanda kikilia chini ya uzito wake. Kwenye meza simu iliwaka. Habari ilikuwa imeshamfikia Christella, naye alikuwa amemwondoa kwenye kundi la Harpe la kwenye simu. Chini yake palikuwa na ujumbe wake binafsi wa maneno mawili tu: "Hata miye?" Joëlle aliusoma mara nyingi, maana ulikuwa na haki. Rafiki wa tangu shule ya msingi, na yeye pia alikuwa amefichwa.

Alimpigia Josaphat mpaka betri ikakaribia kuisha. Simu yake ilikuwa imezimwa.

Asubuhi Joëlle alifika parking ya magari ya Mahagi vumbi likiwa bado limelala. Aliisikia sauti kabla ya kuwaona. Watu wa saa moja walikuwa wamekuja kumsindikiza mpiga ngoma wao, wanaimba kwa makofi, wamelizunguka gari upande wa dirisha lake. Waliimba vizuri kuliko Harpe, na Joëlle, mwenye sikio, alilikubali hilo moyoni bila kusukumwa. Josaphat alikuwa amekaa dirishani, begi mapajani.

Joëlle alipokaribia, makofi yakapungua.

"Ule wa Harpe anakuja kufanya nini?" msichana mmoja akauliza, wala hakunong'ona.

"Anakuja kuangalia kama na siye tunajua kulia."

Wakacheka. Joëlle alikijua kile kicheko, alikuwa amekisikia jana kikitoka midomo mingine. Aliomba njia, na migongo haikusogea. Karibu kabisa na dirisha alisimama Maman Vahwere, mwanamke mwembamba, beseni la sombe, yale majani ya muhogo, kichwani, tayari kwenda sokoni. Alimtazama Joëlle kuanzia viatu mpaka nywele, kisha akarudisha macho kwa mwanawe.

"Josaphat!" Joëlle akaita juu ya mabega ya watu. "Nilisema! Mbele ya wamama wote. Maman anajua. Chorale wamenitoa. Nilisema jina yako!"

Alimsikia. Joëlle aliona alivyomsikia, maana mikono yake ilikaza begi. Macho yakakutana na yake, yakaangaza, mdomo ukafunguka. Halafu Josaphat akawatazama watu wake. Akamtazama yule msichana aliyeuliza, akatazama wale vijana alioimba nao tangu utoto, akamtazama mama yake asiyemtazama. Akainamisha kichwa, akatazama begi lake.

Joëlle aliijua ile hofu kwa jina na ukoo. Jana ilikuwa ya kwake. Na badala ya kumchukia alimpenda zaidi, akamtamani kwa namna mpya, bila aibu, kama mtu anavyotamani kumwona ndugu aliyepotezana naye sokoni. Hakumwita tena. Alisimama tu pale nyuma ya migongo, mikono chini, akangoja kama alivyongojewa.

Dereva akawasha gari. Watu wakarudi nyuma, mmoja akaanzisha ubeti wa mwisho, magurudumu yakasogea.

"Maman!" Josaphat akatoa kichwa na bega zima nje ya dirisha. Wimbo ukakatika. "Maman, usimuache hapa! Umupeleke kwetu. Akule kwako!"

"Nani?" Maman Vahwere akauliza, ingawa alijua.

"Joëlle! Yeye njo wangu! Nitarudi na mujomba, tutaenda kwao! Maman, akule kwako!"

Kila mtu aliyekuwa pale alisikia, hata wauza maji na wapakiaji mizigo. Msichana hali chakula nyumbani kwa mama wa kijana hivihivi tu. Akishakula, hakuna anayeuliza tena yeye ni nani. Gari likachukua kona. Joëlle aliona mkono wa Josaphat, kisha nusu ya mkono, kisha vumbi peke yake.

Maman Vahwere alishusha beseni, akalishika kiunoni.

"Unajua kutwanga sombe?"

Joëlle alifikiria kudanganya. Ingekuwa rahisi.

"Hapana, Maman. Kwetu tunanunuaka yenye kutwangwa."

Mtu mmoja akaangua kicheko, na yule msichana akamkanyaga mguu anyamaze. Maman Vahwere hakucheka wala hakukasirika. Alimtazama muda mrefu, macho yaleyale ya mwanawe, yametulia, hayana haraka. Kisha akamsukumia beseni kifuani.

"Beba."

Akatangulia bila neno jingine. Joëlle alilibeba beseni kwa mikono miwili, majani yakimgusa kidevu, na akapita katikati ya watu ambao sasa walimpisha. Alitazama mara moja barabara ya Mahagi. Alimtamani Josaphat, na hakujua ataungoja vipi mwezi, au miezi, wala kama Maman Suzanne angefungua pazia jioni. Viatu vyake vya Jumapili vilikuwa vinateleza kwenye changarawe, na beseni lilikuwa zito kuliko alivyodhani.

Mbele yake Maman Vahwere hakugeuka hata mara moja. Lakini alikuwa amepunguza mwendo.